Makumbusho ni darasa, siyo duka

Kiingilio cha makumbusho ni jambo linaloonekana dogo. Ni fedha chache zinazopokelewa dirishani, stakabadhi ikatolewa, mtu akapita. Lakini ni katika mambo madogo ya namna hiyo ndipo hudhihirika jinsi taifa linavyoitazama historia yake: kama ni haki ya kila mwananchi, au kama ni bidhaa ya kuuziwa mwenye nacho. Na hakuna mji nchini ambao swali hili linaukabili kwa uzito kuliko Arusha.

Mjini humo, katika eneo la Kaloleni, limo jumba ambamo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana tangu tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, ikalijadili na kulipitisha Azimio la Arusha, ambalo lilitangazwa kwa wananchi tarehe 5 Februari mwaka huohuo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, jumba hilo lilifanywa kuwa Makumbusho ya Azimio la Arusha. Si mbali na hapo, katika boma lililojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1899, yamo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Yote mawili yako chini ya Makumbusho ya Taifa, na utaratibu wa taasisi hiyo ni kutoza kiingilio kwa mafungu: mgeni kutoka nchi za nje hulipa zaidi, raia hulipa kidogo, na mwanafunzi hulipa kidogo zaidi.

Swali ni hili: je, ni haki mwanafunzi wa Tanzania alipe, hata kama ni kidogo, ndipo aoneshwe historia ya Tanzania?

Hoja ya wanaotetea kiingilio

Wanaotetea kiingilio si watu wa kubezwa, na hoja zao zinastahili kusikilizwa kwa makini. Husema kwamba makumbusho hayaendeshwi kwa hewa. Paa likivuja lazima lizibwe. Ngozi za wanyama, mbao, nguo na karatasi za kale huliwa na mchwa na kuharibiwa na unyevu, hivyo zahitaji dawa na wataalamu. Walinzi lazima walipwe, umeme lazima ulipwe, na picha zilizofifia lazima zichapishwe upya. Ruzuku ya Serikali ina wadai wengi: hospitali, barabara, maji na madawati. Kila shilingi inayopatikana mlangoni huipunguzia Serikali mzigo.

Husema pia kwamba cha bure hudharauliwa. Mtu aliyelipa hutazama, hali aliyeingia bure huzurura. Na husema kwamba kiingilio cha mwanafunzi ni kidogo mno hata haifai kukijadili. Kwamba fedha hiyo mtoto huitumia dukani kwa pipi na biskuti katika siku moja.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini haijibu swali lililoulizwa. Hakuna anayedai kwamba makumbusho hayahitaji fedha. Kinachoulizwa ni nani azitoe. Shule nazo hazijengwi kwa hewa, wala zahanati, wala mahakama. Lakini taifa limekubali kwamba gharama za vitu hivyo zibebwe na wote kupitia kodi, kwa sababu faida yake ni ya wote. Kwa hiyo kinachotakiwa kuamuliwa ni kama makumbusho yako katika fungu hilo au katika fungu la kumbi za starehe.

Hoja ya pili haina uzito. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa mara ya kwanza juu ya Mlima Kilimanjaro Desemba 1961, hukimbizwa wilaya kwa wilaya, na hakuna mwananchi aliyepata kuuziwa tiketi ili auone ukipita. Misikitini na makanisani hakukatwi tiketi. Makaburi ya wazee hayana dirisha la malipo. Hakuna aliyesema kwamba vitu hivyo vimedharauliwa kwa kuwa havilipiwi. Heshima ya mtu kwa kitu haitokani na fedha aliyoitoa, bali hutokana na kuelewa maana yake. Na kuelewa ndiko mtoto anakokwenda kukutafuta makumbusho.

Hoja ya tatu, kwamba fedha yenyewe ni ndogo, ndiyo inayohitaji kuchunguzwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayowatuliza wengi.

Hesabu ya Akheri

Ichukuliwe shule ya kata ya Akheri, wilayani Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, safari ya daladala moja tu kutoka mjini Arusha. Ichukuliwe kwamba darasa lina wanafunzi 45, na kwa ajili ya hesabu peke yake ichukuliwe kwamba kiingilio cha mwanafunzi ni shilingi 500. Jumla ni shilingi 22,500. Hapo hazijahesabiwa nauli za kwenda na kurudi, wala chakula cha mchana, wala kiingilio cha walimu wanaowaongoza. Na kwa kuwa makumbusho mjini ni mawili, mwalimu anayetaka darasa lake lione yote atalipa mara mbili.

Zitatoka wapi fedha hizo? Ruzuku ya uendeshaji ambayo shule hupokea ina kazi zake tayari: chaki, ukarabati, mitihani. Basi zibaki kuombwa kwa wazazi. Hapa ndipo jambo lenyewe linapogeuka kuwa zito. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, Serikali ilifuta ada kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na utaratibu huo ukaanza kutekelezwa Januari 2016. Mwaka 2022 ukafikishwa kidato cha tano na cha sita. Pamoja na ada, michango ya lazima shuleni ilipigwa marufuku, na walimu wakuu waliokiuka wakaonywa. Mwalimu mkuu mwenye busara hatathubutu kuwaandikia wazazi barua ya kudai fedha za safari. Atafanya mojawapo ya mambo mawili: ama atawapeleka wale tu ambao wazazi wao wametoa kwa hiari, ama hatampeleka yeyote.

Njia ya kwanza humwacha mtoto wa maskini darasani siku wenzake wanapokwenda kuona historia, ambayo ni yake kama ilivyo yao. Njia ya pili huwanyima wote. Hivyo kiingilio, japo ni kidogo, kimerudisha kwa mlango wa uani kile ambacho taifa lilikitoa kwa mlango wa mbele. Ada imefutwa kwenye darasa la matofali, ikabaki kwenye darasa la vielelezo.

Tena jambo hili limezidi kuwa zito tangu Januari 2024, mitaala mipya ilipoanza kutumika na somo la Historia ya Tanzania na Maadili likaingizwa shuleni kwa lugha ya Kiswahili. Serikali imesema, kwa vitendo, kwamba kijana wa Kitanzania hana budi kuijua historia ya nchi yake. Huo ni uamuzi wa kupongezwa. Lakini kila somo lina chumba chake cha majaribio. Mwanafunzi wa kemia hatozwi fedha mlangoni mwa maabara ya shule yake. Maabara ya somo la historia ni makumbusho. Haieleweki kwa nini somo liwe la lazima, kisha maabara yake iwe ya kulipia.

Historia iliyokwisha kulipiwa

Mtu anaweza kuuliza: mtoto wa Akheri ana haja gani ya kwenda mjini kutazama mambo ya kale? Jibu ni kwamba mtoto huyo anaishi juu ya historia bila kuelezwa.

Ilikuwa Akheri, mwezi wa Oktoba 1896, ambapo wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha siku chache tu baada ya kufika. Majeshi ya Wajerumani kutoka Moshi, chini ya Kapteni Johannes, yalikuja kulipiza kisasi: vijiji vikachomwa, ng'ombe wakatekwa, na watu wengi wakapoteza maisha. Tarehe 2 Machi 1900, viongozi 19 walinyongwa Moshi kwa amri ya watawala hao. Miongoni mwao alikuwamo Mangi Meli wa Moshi, na walikuwamo pia viongozi wa Wameru na wa Waarusha. Kichwa cha Meli kinaaminika kuwa kilipelekwa Ujerumani, na hadi leo ukoo wake unakitafuta.

Ni katika miaka hiyohiyo boma la Arusha lilipojengwa. Halikujengwa na Wajerumani kwa mikono yao. Lilijengwa kwa kazi ya shokoa, na waliobeba mawe na chokaa walikuwa wanaume wa Kiarusha na wa Kimeru walioshindwa vitani. Leo mjukuu wa kitukuu cha mbeba mawe huyo anafika mlangoni pa jengo lilelile, sasa likiwa makumbusho ya taifa lake, naye anadaiwa kiingilio. Kama kuna kiingilio kilichokuwa kikidaiwa hapo, kilikwisha kulipwa zamani kwa jasho.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Nyumba zilichomwa, mifugo ikafa njiani. Wananchi hawakunyamaza. Walichangishana fedha, kila mmoja kwa uwezo wake, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, ambako mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai ardhi ya watu wake. Hawakushinda kesi siku ile, lakini Tanganyika nzima iliona kwamba mkoloni anaweza kushitakiwa mbele ya dunia. Wazee wengi wa Meru waliotoa shilingi zao mwaka ule walikuwa maskini kuliko wajukuu wao wa leo. Walilipa ili historia itendeke. Je, wajukuu walipe tena ili waisome?

Miaka kumi na mitano baada ya safari ya Kirilo ndipo Azimio lilipopitishwa Kaloleni. Miongoni mwa mafundisho yake makubwa ni kwamba fedha haiwezi kufanywa msingi wa maendeleo. Kwamba maendeleo hutokana na watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mtu anaweza kukubaliana na Azimio lote, au sehemu yake, au asikubaliane nalo. Hiyo ni haki yake. Lakini ni kinyume cha mambo kwamba mahali ambapo fundisho hilo lilizaliwa, kijana akifika kulisoma, jambo la kwanza analoulizwa ni fedha.

Na haja ya kulisoma ni kubwa leo kuliko ilivyokuwa zamani. Kijana aliyezaliwa baada ya 1991, mwaka ambao Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti ya uongozi ya Azimio, hakuyakuta masharti hayo yakitumika. Hakumwona kiongozi akitakiwa kuchagua kati ya cheo na nyumba za kupangisha. Huyo ndiye anayeingia leo kazini kama mwalimu, karani, afisa tarafa au mhasibu wa halmashauri. Asipolikuta Azimio Kaloleni, atalikuta wapi? Atalisikia kwa wanaolisifu bila kulisoma, na kwa wanaolilaumu bila kulisoma.

Mafunzo kutoka nje

Nchi nyingine nazo zimelikabili swali hili, na yafaa kutazama zilivyofanya bila kuiga kwa pupa.

Jumba la makumbusho la British Museum mjini London lilifunguliwa mwaka 1759 kwa msingi wa kutotoza kiingilio. Mwanzoni mwa 1974 serikali ya Heath iliamuru makumbusho ya taifa ya Uingereza yatoze. Watazamaji wakapungua, serikali ikashindwa uchaguzi, na baada ya miezi mitatu amri ikafutwa. Baadaye baadhi ya makumbusho ya taifa yalianza tena kutoza, mpaka Desemba 2001 yote yalipofunguliwa bure kwa makusanyo yake ya kudumu. Katika mwaka uliofuata, idadi ya watazamaji kwenye makumbusho yaliyokuwa yakitoza iliongezeka kwa zaidi ya nusu.

Wanaopenda milango ya bure huishia hapo katika kusimulia. Lakini kuna sehemu ya pili, nayo haipaswi kufichwa. Uchunguzi uliofanywa huko ulionesha kwamba wengi wa walioongezeka walikuwa watu wa tabaka lilelile la wasomi, ambao sasa walikuja mara nyingi zaidi. Mfanyakazi wa kiwandani na watoto wake waliongezeka pia, lakini kwa kiasi kidogo. Funzo ni kwamba kuondoa kiingilio ni lazima, lakini peke yake hakutoshi. Mtu ambaye hajawahi kufunzwa kwamba makumbusho ni yake hatakuja eti kwa kuwa tiketi imefutwa. Lazima aletwe, na wa kumleta akiwa angali mtoto ni mwalimu.

Marekani, makumbusho ya Smithsonian mjini Washington hayatozi kiingilio. Lakini Metropolitan ya New York, tangu Machi 2018, huwatoza wageni wanaotoka nje ya jimbo hilo, huku wakazi wa jimbo wakiachiwa watoe wanachoweza. Hapa kuna msingi unaofaa kuzingatiwa: mwenye nyumba na mgeni si lazima wapimwe kwa kibaba kimoja.

Halafu kuna Ujerumani. Kati ya 1909 na 1913, katika kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, mamia ya wafanyakazi wa Kiafrika, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, walifukua mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Mifupa yenye uzito wa zaidi ya tani 200 ilichukuliwa kwa mabega ya wapagazi hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa kwenda Berlin. Mmoja wa mijusi hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama katika makumbusho ya elimu viumbe ya mji huo, na wanaotaka kumwona hununua tiketi. Vivyo hivyo mafuvu ya watu: Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha jamaa walio hai nchini Tanzania na mafuvu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni, likiwamo la mshauri mmoja wa Mangi Meli. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, akaomba msamaha.

Tanzania inadai, na ni haki yake kudai, kwamba kilichochukuliwa kirudishwe. Lakini anayedai mali yake kwa jirani lazima aulizwe: ikirudi, watoto wako wataiona? Ikiwa fuvu litatoka kwenye kabati la Berlin ambalo mtoto wa Akheri hawezi kulifikia kwa sababu ya bahari, likaja kuwekwa nyuma ya mlango ambao hawezi kuupita kwa sababu ya kiingilio na nauli, kwake tofauti itakuwa ndogo sana.

Vitabu viwili vya hesabu

Kwa nini basi jambo lililo wazi hivi limekaa muda mrefu? Si kwa nia mbaya ya mtu yeyote. Chanzo kimo katika mgawanyo wa kazi za Serikali, nao watumishi wa umma wanaufahamu vizuri.

Makumbusho ya Taifa yako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Shule zina wizara zake. Katika kitabu cha hesabu cha wizara ya kwanza, shilingi ya mwanafunzi huandikwa kama mapato, na wizara hupimwa kwa mapato. Katika kitabu cha upande wa pili, safari ya makumbusho ni gharama isiyokuwa na kifungu. Kila upande ukitazama kitabu chake huona umefanya kazi yake. Anayeumia ni yule ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote.

Isitoshe, kuyaweka makumbusho katika kapu moja na simba na milima kuna hatari yake. Utalii ni kazi ya kumwuzia mgeni, na ni kazi ya heshima inayoliingizia taifa fedha nyingi za kigeni. Mwaka 2023 watalii kutoka nje walikuwa zaidi ya milioni 1.8, na Arusha ni lango la wengi wao wanaokwenda Serengeti na Ngorongoro. Mgeni huyo atozwe kiingilio, tena ipasavyo. Ametoka mbali, amelipia ndege na hoteli, na bei ya tiketi ya makumbusho haitamrudisha kwao. Shida ni kwamba wengi hupita mjini wakiwa ndani ya magari yao bila hata kujua kuwa makumbusho yapo. Kumshawishi mtalii mmoja zaidi ashuke Kaloleni au kwenye boma kutaleta fedha zaidi kuliko kulitoza darasa zima la watoto wa Meru. Huko ndiko juhudi ya kutafuta mapato ielekezwe.

Mambo yanayopasa kufanywa

Kwanza, mwanafunzi anayefika na mwalimu wake, wa shule ya msingi, ya sekondari au wa chuo cha ualimu, asitozwe chochote katika makumbusho yoyote ya Taifa. Na mwalimu wake vilevile. Kiasi kitakachopungua katika mapato ya makumbusho kiandikwe katika fungu la elimu na kilipwe huko, ili makumbusho yasidhoofike. Shilingi inayotoka mfuko mmoja wa Serikali kuingia mwingine haimuumizi mtu; shilingi inayotoka mfukoni mwa mama muuza ndizi wa soko la Tengeru humuumiza.

Pili, halmashauri zitenge siku na usafiri. Halmashauri ya Meru na Jiji la Arusha haziko mbali. Basi moja likipangiwa zamu linaweza, katika mwaka mmoja wa masomo, kuzifikia shule nyingi. Bila usafiri, mlango wa bure utawafaa watoto wa mjini peke yao, na funzo la Uingereza litakuwa halikusikika.

Tatu, raia mtu mzima, ambaye bado atalipa kiingilio chake kidogo, afunguliwe mlango bure katika siku zinazojulikana. Tarehe 5 Februari, siku ya kutangazwa kwa Azimio, inafaa. Inafaa pia tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani, ambayo Baraza la Kimataifa la Makumbusho liliianzisha mwaka 1977, mwaka uleule ambao jumba la Kaloleni lilifanywa makumbusho.

Nne, makumbusho nayo yawafuate watu. Masanduku ya picha, ramani na nakala za vielelezo yanaweza kuzunguka shule kwa shule. Historia ya Ngare Nanyuki na ya Oktoba 1896 ifundishwe Akheri penyewe, yalipo makaburi ya wamisionari wale na ambapo wapo wazee waliorithi masimulizi ya pande zote mbili. Karibu na hapo, Tengeru, yapo pia makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi waliopewa hifadhi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kata chache nchini zina hazina kama hiyo.

Tano, walimu wajiandae. Darasa linalopelekwa makumbusho bila maswali huenda kutalii, hurudi limechoka na halikumbuki kitu. Chuo cha Ualimu cha Patandi kiko jirani na Akheri. Wanachuo wake, ambao hujifunza kuwafundisha watoto wenye mahitaji maalumu, wangeweza kuwa wa kwanza kuonesha jinsi mtoto asiyeona au asiyesikia anavyoweza naye kujifunza makumbusho.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalohitaji msaada wa mfadhili wala kikao cha kimataifa. La kwanza, ambalo ndilo kubwa, linahitaji wizara mbili kukaa meza moja na kutoa waraka mmoja. Ada za shule zilifutwa kwa njia hiyohiyo, na wengi walidhani haiwezekani mpaka ilipofanyika. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na maofisa huanza kuandaa makisio miezi mingi kabla. Watumishi wanaoandika makisio hayo, na walimu wanaojua ni watoto wangapi katika madarasa yao ambao hawajapata kuliona jumba la Kaloleni, ndio wenye uwezo wa kulianzisha jambo hili. Waliingize katika makisio yajayo.